Kwa nini bwana mkubwa wa Uingereza ya zamani alimlipa mpiga kinubi wa bwana mwingine?

Kalamu_Kavu (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Niko nasoma historia ya Uingereza ile ya miaka ya 1300 mpaka 1500 hivi, vita na Ufaransa, Lancaster na York (koo mbili zilizogombania ufalme) wanachinjana, ndo starehe yangu hiyo. Sasa kuna kitu kimenikwama. Kwenye vitabu vya matumizi ya nyumba za wakubwa unakuta kila mara imeandikwa wapiga muziki wa Duke fulani wamepewa shilingi kadhaa, ukiangalia anayetoa hela sio huyo Duke, ni bwana mwingine kabisa, saa nyingine ni mji. Hapo ndo nabaki najiuliza hawa jamaa walikuwa wafanyakazi wa nani, mwenye nao alikuwa hawalipi au vipi? Na la pili, hao mabwana wenyewe walikuwa wanajua kupiga chochote au ni kukaa tu mezani wanatafuna huku jamaa kasimama pembeni anakuna nyuzi kama kwenye muvi? Mwenye uelewa ashushe nondo tafadhali, ila msinijibu "muziki ni chakula cha roho", nataka mambo yenyewe.

MlinziWaNyaraka

Mkuu jibu la swali lako la kwanza liko kwenye nguo. Mpiga muziki wa bwana alikuwa anavaa sare ya bwana na nembo yake, na sehemu kubwa ya mwaka bwana hakuwa na kazi naye. Anamhitaji Krismasi, Pasaka, Pentekoste, harusi, wageni wakubwa wakija. Siku zilizobaki anamwachia azunguke, na akizunguka anazunguka na ile nembo kifuani. Sasa wewe ni Earl (cheo cha bwana mkubwa, chini ya Duke), umekaa kwenye ngome yako, mara wanaingia watu watatu wana nembo ya Duke wa Gloucester, unafanyaje? Ukiwafukuza umemfukuza Gloucester, na ukiwapa vijisenti Gloucester atasikia, maana hao watu kazi yao ni mdomo na wakirudi kwao lazima waulizwe huko mlipita wapi na mlipokelewaje. Kwa hiyo ile hela uliyoiona kwenye kitabu ni salamu, inapita mkononi mwa mpiga zumari lakini inaenda kwa bwana wake.

Tena walikuwa na viwango kabisa. Earl wa Northumberland wa tano, Henry Percy, nyumba yake ilikuwa na kitabu cha taratibu kilichoanza kuandikwa kama 1511 au 1512 hivi, ni mwisho mwisho wa zama hizo lakini desturi ni zile zile. Humo imeandikwa wapiga muziki wa Earl mwingine wakija kila mwaka wapewe shilingi 3 na pensi 4 (shilingi moja ilikuwa pensi 12), ila kama ni wale wanaotokea mara moja kwa miaka miwili mitatu wapewe shilingi 6 na pensi 8. Yeye mwenyewe kwa kawaida alikuwa na watatu tu, mmoja wa kigoma, mmoja wa luti (kama gitaa la zamani) na mmoja wa rebeki (kile kifidla kidogo cha kupiga kwa upinde).

Pweza_Mkavu

Hahaha yani ukiadimika unalipwa mara mbili! Mi ningekuwa mpiga luti ningekuwa naenda kila mwaka wa tatu.

MlinziWaNyaraka

Ungekula hasara mkuu, anayeenda kila mwaka kwa miaka mitatu anatoka na shilingi 10, wewe ungetoka na 6 na pensi 8. Percy alikuwa anajua hesabu.

Halafu mleta mada, kuona thamani ya nembo angalia jinsi walivyokuwa wanaigiza. Mwaka 1469 wapiga muziki wa mfalme Edward IV walimlilia kwamba kuna wakulima na mafundi wasiojua kitu wanazunguka nchini wanajiita wapiga muziki wa mfalme, wanavaa nembo yake, wanakusanya pesa kwenye sherehe. Mfalme akawapa hati ya kuwa na chama chao, mkuu wao akiwa Walter Haliday, na mamlaka ya kukagua na kusimamia wapiga muziki wa nchi nzima isipokuwa Cheshire. Cheshire iliachwa kwa sababu kule familia ya Dutton ilikuwa na haki ya kurithi ya kuwatawala wapiga muziki wa jimbo, wapiga muziki wote wa Chester walikuwa chini ya bwana Dutton na hata mfalme hakutaka kugusa hiyo. Jaribu kufikiri, haki ya kutawala wapiga muziki inarithiwa baba kwa mwana kama shamba.

BintiSurufi

Samahani naingia kwenye swali la pili maana naona limerukwa. Ndiyo mabwana walipiga, na walifundishwa toka utotoni, kwenye nyumba ya mfalme Edward IV kulikuwa na vijana wa familia kubwa wanaolelewa pale, na kitabu cha taratibu za nyumba yake (cha miaka ya 1471-72) kinasema mwalimu wao awafundishe kupanda farasi, kupigana, lugha mbalimbali, adabu za mezani, na humo humo kupiga kinubi, filimbi, kuimba na kucheza dansi. Imewekwa kapu moja na mkuki. Kitabu hicho hicho kinasema wale maskwaya wa nyumba, yani vijana wa kiungwana ambao bado hawajapewa cheo cha "Sir", jioni na mchana, wakati wa baridi na wa kiangazi, walizoea kwenda kwenye vyumba vya mabwana kukaa nao, wanapiga stori za wafalme wa zamani, wanapiga filimbi na kinubi, wanaimba, ili kusaidia kuishughulisha kasri na wageni wasiboreke.

Na wafalme wenyewe. Henry V yule wa Agincourt (vita alivyowapiga Wafaransa 1415) alikuwa mpiga kinubi, akiwa vitani Ufaransa ananunuliwa vinubi kutoka London. Halafu kuna kitabu cha nyimbo za kanisa kinaitwa Old Hall kipo British Library, kina vipande karibu 150, ndani yake kuna Gloria moja na Sanctus moja (nyimbo za misa) zimeandikwa jina la mtunzi "Roy Henry", mfalme Henry. Wengi wanasema ndo Henry V, wengine wanampa baba yake Henry IV. Vyovyote iwavyo ni mfalme ameketi chini akapanga sauti tatu zinazokwenda pamoja bila kugongana, hiyo sio kazi ya mtu aliyejifunza wiki moja. Na aliyenakili kitabu alijua adabu, kila kimoja kimewekwa cha kwanza kwenye fungu lake.

Ila kulikuwa na mpaka, hapa ndo watu wengi hawaoni. Bwana anapiga kinubi au luti chumbani, mbele ya watu wake. Humkuti bwana anapuliza tarumbeta au zumari ukumbini, hiyo ni kazi ya mtu wa kulipwa. Wenyewe walikuwa wanagawa vyombo makundi mawili, vya kelele na vya upole. Tarumbeta, zumari, vigoma vya kuning'iniza kiunoni, hivyo ni vya nje, vya vita, vya maandamano na vya kutangaza chakula kinaingia. Kinubi, luti, fidla, salteri (chombo cha nyuzi cha kukuna kwa vidole), hivyo vya chumbani. Cheo kilifuata humo humo, mtu akisikika anapuliza uani ni mwajiriwa, ukisikia kinubi kwa mbali mlango umefungwa inaweza kuwa ni bwana mwenyewe.

Kalamu_Kavu

BintiSurufi umenimaliza, hiyo ya mpaka sikuwa nayo kabisa. Sasa hao wa kulipwa walikuwa wanalipwa kiasi gani hasa, walikuwa na heshima au ndo wale wa kulala na mbwa?

MlinziWaNyaraka

Inategemea ni nani, lakini wa mfalme walikuwa vizuri sana. Kwenye nyumba ya Edward III mpiga muziki alikuwa anapata pensi 7 na nusu kwa siku wakati wa amani na pensi 12 wakati wa vita. Sasa pima mwenyewe, 1415 Henry V anaenda Ufaransa, anafunga mkataba na John Clyff na wapiga muziki wengine 17, kila mmoja pensi 12 kwa siku. Mpiga upinde katika jeshi hilo hilo alikuwa pensi 6. Skwaya mwenye deraya kamili na farasi wake, pensi 12. Yani mtu wa zumari analipwa sawa na muungwana aliyevaa chuma kutoka kichwani mpaka miguuni, na mara mbili ya wale wapiga upinde ambao ndo walioimaliza Agincourt. Kama ni mtu wa kulala na mbwa basi mbwa wa bei.

Na Pentekoste ya 1306 pale Westminster, Edward I anampa mwanae cheo cha "Sir" pamoja na vijana wengine karibu 300 kwa mpigo, orodha ya malipo ya wapiga muziki wa siku ile bado ipo, majina zaidi ya 100. Juu kabisa ya orodha wanakaa watu wanaoitwa "wafalme", mfalme Caupeny, mfalme Robert na wenzao, ambao wanapata mark 5 kila mmoja (mark moja ni shilingi 13 na pensi 4). Hawa ni wakuu wa fani, na kazi yao ilikuwa inachanganyika na ya wapiga mbiu wale wa kutambua nembo za watu kwenye mashindano na vita. Chini yao wanashuka ngazi kwa ngazi mpaka wale wa pensi chache. Ilikuwa siku ile ndo waliletwa mabata maji wawili, wale weupe wa shingo ndefu, wamepambwa, wapiga muziki wanawazunguka, mzee Edward akaapa kwa Mungu na kwa hao mabata kwamba atalipiza kisasi kwa Robert Bruce wa Scotland. Kiapo kwa mabata. Ila bila tarumbeta nyuma yake kiapo kama hicho watu wangecheka.

HojaNgumu

Nawasoma tu hapa mnavyopamba. Ni kweli yote hayo lakini mnasifia sana watu wa zumari, mnasahau hela ya kweli ya mabwana ilikuwa inaenda wapi. Ilikuwa inaenda kanisani, tena sio kanisa la kijiji, kanisa la ndani la bwana mwenyewe, lenye mapadri wake, waimbaji watu wazima na watoto. Hao hawazunguki kuomba shilingi 3, wanalipwa na kulishwa na kuvishwa mwaka mzima na wanahama na bwana, ngome hii kwenda ngome ile, mpaka Ufaransa. Edward IV alikuwa na wapiga muziki 13, lakini kanisa lake la nyumbani lilikuwa na mapadri na waimbaji 26 na watoto 8. Linganisheni.

Na huko ndo muziki wa Uingereza ulipofanya maajabu. Kile kitabu cha Old Hall alichokitaja dada hapo juu kinahusishwa na kanisa la Thomas, Duke wa Clarence, mdogo wake Henry V. Mtunzi mwenye vipande vingi humo ni Leonel Power, na alikuwa mfundisha watoto wa kwaya kwa huyo huyo Clarence. Clarence akauawa Baugé, Ufaransa, Machi 1421, na watu wake wakatafuta mabwana wengine. Mwingine ni John Dunstaple, alikuwa na Duke wa Bedford, mdogo mwingine wa Henry V, aliyeitawala sehemu ya Ufaransa kwa niaba ya mfalme mtoto kuanzia 1422 mpaka alipofariki 1435. Baadaye yuko kwa Humphrey wa Gloucester. Tazama mnyororo huo, ndugu watatu wa familia moja na watunzi bora wa nchi wako mezani kwao. Wafaransa na watu wa Burgundy wakasikia zile sauti tamu za Kiingereza zinavyolaliana, kama 1440 hivi mshairi Martin le Franc akaandika kwamba watunzi wao wakubwa, Dufay na Binchois, wamechukua namna ya Waingereza na kumfuata Dunstaple. Vita walishindwa Waingereza, lakini muziki wao ulibaki huko.

Kwa hiyo mi naona mpiga luti ni wa kuonekana, kwaya ndo ya kutamba kweli.

BintiSurufi

HojaNgumu hapo nakuunga mkono nusu. Hela ndiyo, lakini usiseme kwaya haikuwa siasa kama zilivyokuwa nembo. Unamjua Leo wa Rozmital, yule mkubwa wa Bohemia aliyetembelea Edward IV mwaka 1466? Mwenzake kwenye msafara, Gabriel Tetzel, aliandika walivyoshuhudia malkia Elizabeth Woodville anatoka kanisani baada ya kujifungua, halafu karamu, malkia anakula saa tatu nzima na hakuna anayesema neno, mpaka mama yake mzazi anapiga magoti akiongea naye. Na kwenye kuimba akasema hajui kama kuna waimbaji bora zaidi duniani kuliko wa mfalme wa Uingereza. Sasa kumbuka Edward alikuwa kakaa kwenye kiti hicho miaka mitano tu, tena kamnyang'anya mtu. Mgeni kama huyo akirudi kwao akasimulia ukimya ule na sauti zile, Edward ameshapata alichotaka.

HojaNgumu

Sijakataa hilo dada. Ila ona ilivyokuwa ngumu kupata hao waimbaji, Septemba 1484 Richard III anampa John Melyonek wa kanisa lake ruhusa ya kupita nchi nzima, makanisa makubwa, vyuo, nyumba za dini, popote, akikuta mtu mzima au mtoto anayeimba vizuri anambeba kwa jina la mfalme, isipokuwa chuo cha kifalme cha Windsor. Unakuwa umelea mtoto miaka mitano umemfundisha kusoma noti, asubuhi anakuja jamaa na barua, kwisha habari.

Pweza_Mkavu

Kumbe usajili wa kunyang'anyana wachezaji haujaanza jana.

Swali la uchokozi, wanawake walikuwepo kwenye hii fani au ni madume tu?

MlinziWaNyaraka

Walikuwepo. Ile orodha ya 1306 inaye Matilda Makejoye, mwanasarakasi, na jina lenyewe linajieleza, "leta furaha". Hati ya 1469 nayo inataja ndugu wa kiume na wa kike wa chama.

Na kuna mmoja alifanya kitu cha hatari sana. Pentekoste ya 1317 Edward II yuko ukumbini Westminster anakula hadharani na wakubwa wake. Anaingia mwanamke amevaa kama mpiga muziki, yuko juu ya farasi aliyepambwa, anazunguka meza pole pole, anafika mbele ya mfalme anaweka barua, anainamia wageni, anageuza farasi anatoka. Wamefungua barua wakidhani ni mchezo, kumbe ni lawama kali kwamba mfalme amewasahau wanajeshi waliomtumikia yeye na baba yake na anawatajirisha watu ambao hawajabeba mzigo wowote. Walinzi wa mlango wakabanwa, mmemwachiaje huyu? Wakajibu sio desturi ya nyumba ya mfalme kumzuia mpiga muziki mlangoni, hasa siku ya sikukuu. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Aliyemtuma alikuwa muungwana mwanajeshi mwenyewe, na alichagua vazi lile akijua linafungua mlango ambao yeye na upanga wake usingefunguka.

Ndo maana serikali ilikuwa inawahofia kidogo. Huyo huyo Edward II miaka miwili kabla, Agosti 1315, katikati ya njaa kubwa, alitoa amri kwamba watu wasiende kujilisha kwenye nyumba za maaskofu, ma-Earl na mabaroni kwa kisingizio cha upigaji muziki, kwa siku wasizidi watatu au wanne wenye heshima zao, labda bwana mwenyewe awe amewaita. Kwa watu wa hali ya chini wasiende kabisa bila kuitwa. Kosa la kwanza unapoteza nafasi yako ya upigaji, la pili unaapa kuiacha kazi. Na baada ya Owain Glyndŵr kuasi Wales, bunge la Henry IV mwaka 1402 likawapiga marufuku washairi na wapiga muziki wa Wales wanaozunguka kukusanya watu, maana nyimbo zao zilikuwa zinachochea.

Kalamu_Kavu

Hapo kwenye mwanamke na farasi nimesoma mara mbili. Sasa wale wasio na bwana, na kesi zao za kugombana mitaani na kunyang'anyana harusi, nani alikuwa anawaamulia? Cheshire umesema Dutton, kwingine je?

HojaNgumu

Hili acha nijibu mimi maana ndo napenda. Tutbury, Staffordshire, ngome ya John of Gaunt, Duke wa Lancaster. Mwaka 1380 akatoa hati ya kuwa na mfalme wa wapiga muziki pale, mwenye mamlaka ya kuwakamata wapiga muziki wa eneo lile wasiotimiza huduma zao. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, wanakusanyika, wanafanya mahakama yao, kesi zinasikilizwa, faini zinatozwa, mfalme mpya anachaguliwa.

Na baada ya mahakama kuna ng'ombe. Mkuu wa watawa wa Tutbury ilibidi awape wapiga muziki dume la ng'ombe, ila sio kukabidhiwa kwa kamba. Kwa maelezo yaliyoandikwa karne ya 17, wakati desturi bado iko hai, dume anakatwa ncha za pembe, anakatwa masikio na mkia, anapakwa sabuni mwili mzima, anapuliziwa pilipili puani, halafu anaachiwa. Wapiga muziki wakifanikiwa kumkata hata kipande cha manyoya kabla jua halijazama na kabla hajavuka mto Dove kuingia Derbyshire ni wao. Akivuka, amebaki wa mwenyewe.

Pweza_Mkavu

Umefunga mwaka unapiga kinubi kwa vidole laini vya kiungwana halafu Agosti unakimbiza dume lenye sabuni na pilipili puani.

Kalamu_Kavu

Na mtu wa luti anakimbia na mkasi, luti kamwachia nani 😂 Shukrani wakuu, MlinziWaNyaraka ukipata muda hebu nifafanulie hao "wafalme" wa 1306 na kazi yao ya upiga mbiu, maana nimeona jina la mfalme Robert sehemu nyingine sikuelewa ni nani.